Sentensi ya Pili

Siku ya kuniaga, walimu wenzangu wa idara ya hesabu walinipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi nililielewa, kwa sababu walijua nahamia Kitale na baridi ya Kitale haina adabu. Saa ya ukutani kumpa mtu ambaye hana tena kipindi cha kuwahi, hilo bado nalitafakari. Wiki chache baadaye serikali ikaongeza umri wa kustaafu kutoka miaka hamsini na mitano hadi sitini. Sina neno. Keki ilikuwa imeshakatwa na kuliwa.

Kabla sijaondoka, mkuu wa idara, kijana mwenye bidii kuliko usingizi anaoupata, aliniomba niwaandikie kurasa chache. "Mwalimu, hesabu za maneno ndizo zinatumaliza," aliniambia. "Mtoto ukimpa milinganyo miwili ya x na y anatatua sawasawa. Mwambie kuku na mbuzi, ati anapotea kabisa." Nikakubali kuandika. Vyeo sitavigusa, kwa kuwa nilivyopata ni vichache na havikunifundisha kitu. Mshahara mnaujua. Nitaandika jinsi nilivyofundisha milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana, na jinsi mimi mwenyewe nilivyoikosea mara moja, nje ya darasa, nikakosa vibaya.

Niliripoti katika shule moja ya Kitale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha Bungoma miaka mingi, nikitoka kazini na kula chakula cha mchana nyumbani kwangu. Mke wangu, Mama Nafula, ni muuguzi, na hospitali yake ilikuwa huko huko Bungoma. Barua ya kunihamisha ilisema kwamba walimu wa hesabu wamepungua upande wa Kitale. Habari za wake haikuzitaja. Binti yetu Nafula alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo siku niliyopakia godoro langu nilimwacha mama yake amesimama mlangoni peke yake, na mimi nikaenda kukaa peke yangu. Tuliambiana ni mwaka mmoja tu.

Siku yangu ya kwanza darasani, mkuu wa idara wa huko, Mwalimu Simiyu, aliingia na kukaa dawati la nyuma. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na alikuwa na tabia ya kusikiliza huku amefumba macho, hivyo hukujua kama anakusikiliza au amelala. Niliandika swali ubaoni, nikatoa milinganyo yangu miwili, nikatatua, nikapigia jibu mstari kwa rula ya ubaoni. Niliona nimefanya kazi safi. Tulipotoka akaniambia, "Umefundisha vizuri, lakini hawajaona kitu."

Alinipeleka kwenye kabati lake, akatoa boksi la chaki ya njano lililokuwa limefungwa kwa mpira wa baiskeli. "Sentensi ya kwanza andika na nyeupe," akasema. "Ya pili andika na njano. Mtoto aone na macho kwamba hapa kuna watu wawili wanaongea, na wote wawili lazima wasikizwe. Halafu ukipata jibu, lirudishe kwa sentensi zote mbili. Watu hurudisha kwa ya kwanza peke yake, wakiona limeingia wanafurahi. Ya kwanza haiwezi kukushitaki, si ndiyo ulianza nayo? Ya pili ndiyo shahidi."

Hilo boksi aliniachia alipostaafu. Tangu hapo sijawahi kukosa chaki ya njano, hata muhula ambao shule ilikosa nyeupe.

Sasa namna ya kufundisha, kwa wale mtakaoanza Jumatatu. Swali la maneno lisomwe mara tatu. Mara ya kwanza kalamu ziwe chini, kwa sababu mtoto mwenye kalamu mkononi huanza kujumlisha kabla ya nukta. Mara ya pili achore. Mchoro ukiwa mbaya hauna neno, mbuzi wangu wenyewe walikuwa wakidhaniwa meza. Mara ya tatu ajiulize, "Kitu gani hapa sikijui?" Na akishakijua asichokijua, aandike kwa maneno kamili: x ni idadi ya kuku. Asiandike x ni kuku. Idadi hujumlishwa na idadi, lakini kuku ukimjumlisha na mbuzi hata mchuzi hautoki.

Mwanafunzi aliyenihangaisha kuliko wote alikuwa msichana wa kidato cha pili, Chemutai, aliyetoka upande wa Suam, mpakani. Mama yake alikuwa akifanya biashara ya kuvuka kwenda Uganda na kurudi, na mtoto alikuwa na akili ya sokoni: ya haraka, haina subira. Niliwapa swali rahisi. Mama mmoja ana kuku na mbuzi, vichwa kumi kwa jumla, miguu ishirini na minane. Kuku ni wangapi, na mbuzi ni wangapi? Sijamaliza kuandika, Chemutai akainua mkono.

"Kuku saba, mbuzi watatu."

"Umejuaje?"

"Saba na tatu si ni kumi, Mwalimu? Vichwa vimetosha."

"Na miguu?"

Akahesabu kwa vidole chini ya dawati. "Miguu iko ishirini na sita."

"Miwili imeenda wapi?"

"Labda kuku mmoja amelalia yake," akasema, na darasa zima likavunjika mbavu.

Nilicheka pia, lakini kosa hilo alilirudia muhula mzima. Alikuwa akiisikia sentensi ya kwanza, anatafuta namba mbili zinazoitosha, anaweka kalamu chini kwa furaha. Nilimwandikia kwenye daftari, tena kwa kalamu nyekundu: Jibu lisilotosha sentensi ya pili si jibu, ni tamaa. Nilijiona nimesema neno kubwa. Mwishoni mwa mwaka akawa anakwenda mpaka mwisho, kuku sita, mbuzi wanne, anarudisha ubaoni nyeupe na njano, kisha anageuka kuniangalia kama mtu aliyekulipa deni.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu mpaka kengele ya saa kumi. Baada ya kengele niliingia katika nyumba ya walimu, vyumba viwili na jiko, na humo nilikuwa mpweke. Nilikuwa na sahani moja, nikiiosha mara tu baada ya kula kwa kuwa hakuna aliyefuata kuitumia. Nilijifunza kusahihisha madaftari polepole ili yasiishe. Nilimjibu mtangazaji wa redio aliposema habari za jioni, na nikagundua nimeanza kumjibu kwa heshima. Wenzangu wa chumba cha walimu walikuwa watu wema, wakinialika kwao, lakini kukaa kwenye kochi la mtu huku mke wake anamwita kutoka jikoni kulinirudisha nyumbani vibaya zaidi. Nikaacha kwenda.

Kilichotuokoa ni Jumamosi. Kamukuywa iko njiani, kati ya Kitale na Bungoma, na ina soko na hoteli za chai. Mama Nafula akiwa hana zamu, alitoka kwake asubuhi na mimi nikatoka kwangu, tukakutana katika hoteli moja ndogo nyuma ya soko, meza ya pembeni, yeye akikaa kutazama mlango. Kila mmoja alikuja na kikapu. Changu kilikuwa na mahindi mabichi au njegere za Kitale, chake kina karanga, ndizi na mashati yangu aliyoyapiga pasi. Tulibadilishana vikapu kabla ya chai, na wiki iliyofuata tukabadilishana tena. Mwenye hoteli, mama mmoja mnene mwenye huruma tuliyemwita Mama Chai, alikuwa akituchungulia na kusema, "Mwarimu na bibi yake, bado munachumbiana tu!"

Mama Nafula alianza kwa kuniuliza, "Habari za Kitale?" Mimi nikajibu, "Nzuri. Habari za Bungoma?" Naye akajibu, "Nzuri tu." Ndivyo tulivyofungua kila Jumamosi. Wala habari hazikuwa nzuri. Lakini tulikuwa na saa nne, na sikutaka kumwaga upweke wangu mezani pale ukalowesha mandazi. Nadhani naye alifikiri hivyo hivyo.

Mwaka mmoja ukawa miwili. Kila muhula mmoja wetu aliandika barua ya kuomba uhamisho, na kila muhula mmoja wetu alikuja Kamukuywa na barua ya kukataliwa. Jumamosi hiyo ikawa ya matanga. Siku moja Mama Nafula alisukuma kikombe chake kando.

"Baba Nafula, mimi nimechoka," akasema. "Hii mambo ya transfa tusiongee tena hapa. Tunapata masaa manne kwa wiki, na tunayamaliza tukilalamikia maofisi. Likitokea, litokee. Lakini hapa tusiitaje."

Nikakubali. Lilikuwa ombi la haki. Tangu siku hiyo neno uhamisho halikukaa kwenye meza ile, na chai ikawa tamu tena.

Wakati huo ndipo nilipotunga swali la waendesha baiskeli wawili, ambalo baadhi yenu mmelikuta kwenye madaftari yangu. Kutoka Kitale hadi Bungoma tuseme ni kilomita themanini. Mmoja anaanzia Kitale, mwingine anaanzia Bungoma, saa ile ile. Wakielekeana, wanakutana baada ya saa mbili. Lakini wa Kitale akigeuza aende upande mwingine, naye wa Bungoma amfuate, itamchukua saa kumi kumfikia. Kila mmoja anakwenda kasi gani? Nyeupe: x, kasi ya wa Bungoma, na y, kasi ya wa Kitale, ukijumlisha ni arobaini. Njano: x ukitoa y ni nane. Wa Bungoma anakwenda kilomita ishirini na nne kwa saa, wa Kitale kumi na sita. Ukirudisha jibu utaona kwamba wanakutana kilomita thelathini na mbili kutoka Kitale, ambako, kwa mkono wangu mzito kidogo, ni Kamukuywa. Namba nilizipika mpaka zikafika hapo.

Darasa lilinipa taabu kwa swali hilo. Mvulana wa Kiminini alisema wa Bungoma hawezi kufika kwa saa mbili, lazima asimame kusalimia watu, na kule mtu haulizwi habari yake tu, anaulizwa na ya ng'ombe. Chemutai naye alikuwa amehesabu upande wa pili.

"Mwalimu, huyu akimfuata mwenzake masaa kumi, si watakuwa wameshapita Suam zamani? Wako ndani ya Uganda hao. Kitambulisho wamebeba?"

"Wamebeba."

"Na kwa nini anamkimbia?"

Nilimwambia hakimbii, ni swali tu. Akaangalia ubao kwa muda, akasema, "Mimi ningewaacha tu wakutane," na akafungua ukurasa mwingine.

Chemutai alipofika kidato cha nne, mwenzangu mmoja alinieleza habari za mwalimu wa hesabu karibu na Myanga, huko Bungoma, ambaye wazazi wake wako Kitale na anatafuta mtu wa kubadilishana naye. Mnaijua desturi hiyo. Ofisi haitaki kuhamisha mtu na kuacha pengo, lakini ukijitafutia mwenyewe mtu wa kuja mahali pako nawe uende pake, mkaandika barua pamoja, mara nyingi wanapiga muhuri. Tukaandika, na muhuri ukapigwa. Nilishika ile barua chumbani kwangu nikaisoma nimesimama.

Sikumwambia Mama Nafula. Kwanza tulikuwa tumekubaliana tusilitaje. Pili, nilitaka kumwona uso. Nilikuwa nimeshaleta barua za kukataliwa mara nyingi kiasi kwamba niliona nina haki ya kuiweka hii mezani kama mtu anayeweka karata ya mwisho. Darasa nililiaga siku ya Ijumaa. Niliwaambia nakwenda Bungoma kuungana na mke wangu, wakapiga makofi. Chemutai akainua mkono.

"Mwalimu, na mama anajua?"

"Hajui. Nataka kumshtua kesho."

Akanikazia macho. "Sasa si hiyo ni sentensi moja, Mwalimu? Ya njano iko wapi?"

Darasa likacheka, nami nikacheka, nikamwambia keti chini. Nilidhani ni mzaha wake wa kawaida. Mpaka leo, vijana, nikilikumbuka swali lile natamani kurudi ubaoni.

Jumamosi hiyo nilifika Kamukuywa mapema, lakini Mama Nafula alikuwa amenitangulia. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa ameagiza chapati, kitu alichosema siku zote ni cha sikukuu. Alikuwa akitabasamu peke yake, na nikafikiri kumbe furaha yangu inaonekana usoni. Hata "Habari za Kitale" hakuuliza.

"Niko na kitu nataka kukuonyesha," akasema.

"Na mimi nina kitu."

"Anza wewe."

"Hapana, wewe."

Tukacheka kama watoto, tukaweka bahasha zetu mezani pamoja. Yangu akaichukua yeye, yake nikaichukua mimi. Nilisoma mstari wa kwanza, nikaurudia. Ulikuwa uhamisho wa muuguzi, kutoka Bungoma kwenda Kitale, kwa kubadilishana.

"Hapa unaenda wapi?" akaniuliza, kidole kikiwa kwenye barua yangu.

"Nakuja kwako. Bungoma."

Akaiweka barua yangu mezani. Kisha akasema polepole, "Baba Nafula, mimi nakuja kwako Kitale. Nilipata nesi wa huko tukabadilishana. Ameshaleta vitu vyake. Jana nilimwonyesha wodi."

"Na mwalimu wangu ameshaleta vyake. Amelala kwangu jana."

Tulianza kucheka, kicheko kikubwa, mpaka watu wa meza nyingine wakageuka. Kisha Mama Nafula akashindwa kukikamilisha. Aliinama juu ya chapati zile akalia, nami nikashika ukingo wa meza kwa kuwa sikujua nishike wapi. Mama Chai alitoka jikoni mbio, mikono ina unga. "Nani amekufa? Mwarimu, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama," nikamwambia. "Tumepata uhamisho."

Nilikuwa nimefundisha milinganyo miwili miaka yote hiyo. Nilikuwa nimemwandikia mtoto wa watu kwa kalamu nyekundu kuhusu sentensi ya pili. Na nilipofika kwenye swali langu mwenyewe, nikamshika Mama Nafula mahali alipo kama namba isiyosogea, nikatafuta x peke yangu. Yeye naye, kwa upendo ule ule, akanishika mimi. Ukihesabu vizuri utaona tulibadilishana sisi kwa sisi, kupitia watu wengine wawili ambao walifurahi sana.

Tulizunguka ofisini, kila mmoja kwake. Jibu lilikuwa moja, tena la adabu: mmesaidiwa juzi tu, kaeni miaka kadhaa, wapisheni wengine. Siwalaumu. Watu wale tuliobadilishana nao walikuwa na wazazi wagonjwa na watoto wadogo, na hakuna ambaye angewang'oa kwa sababu mwalimu mmoja alitaka kuona uso wa mke wake.

Kwa hiyo niliishi Bungoma, katika nyumba ya kupanga aliyokuwa akiishi yeye, kwa kuwa tuliona si vizuri kuiacha. Mapazia yalikuwa yake. Kwenye kopo jikoni alikuwa ameandika kwa mkono wake "unga wa uji," na hata unga ulipokwisha sikulitumia kwa kitu kingine. Jirani walikuja kuuliza Mama Nafula yuko wapi, na nilipowaeleza walinyamaza kwa heshima, kisha wakaenda kucheka nje. Asubuhi nilipanda baiskeli ya boda boda kwenda shule karibu na Myanga, jioni nikarudi. Yeye alipanga chumba Kitale, karibu na hospitali, akaandika kwamba baridi ya huko nilikuwa sijawahi kumweleza sawasawa.

Jumamosi za Kamukuywa ziliendelea, ila kila kitu kiligeuka. Sasa karanga nilileta mimi, mahindi akaleta yeye. Sasa yeye ndiye aliuliza, "Habari za Bungoma?" nami nikajibu, "Nzuri. Habari za Kitale?" naye akajibu, "Nzuri tu." Halafu simu za mkononi zikaja, tukafurahi, kumbe ndizo zilizotumaliza. Kila siku tuliambiana mambo madogo. Umefika? Nimefika. Umekula? Nimekula. Ilipofika Jumamosi tukawa hatuna la kuambiana, na akiwa na zamu mimi sikuhuzunika kama zamani. Wiki mbili zikawa tatu, tatu zikawa mwezi. Vikapu vikakaa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba jambo fulani linakufa.

Swali la waendesha baiskeli sikulifundisha tena mpaka nikastaafu. Mwalimu mmoja kijana aliliona kwenye madaftari yangu ya zamani, akaniuliza kwa nini nimeliacha. Nikamwambia namba zake si nzuri.

Nilipostaafu, swali lilikuwa limejitatua lenyewe: mmoja hana kazi, basi asogee. Nikafunga mapazia yale katika shuka, nikachukua kopo, boksi la chaki, blanketi na saa ya ukutani, nikahamia Kitale kwa mke wangu. Nilifikiri mambo yamekwisha.

Nataka kulisema hili wazi, ingawa si la idara ya hesabu. Ule mwezi wa kwanza Kitale ndio niliokuwa mpweke kuliko miaka yote. Upweke wa mtu mmoja nilikuwa nauelewa, nina uzoefu nao. Huu wa watu wawili sikuwa nao. Mama Nafula bado anafanya kazi. Alirudi kutoka zamu akiwa amechoka, akavua viatu, akaniuliza, "Umekula?" Nikajibu, "Nimekula." Akakaa upande wake wa kochi, mimi nikakaa nisipopajua. Kikombe nilichochukua kilikuwa cha mtu mwingine siku zote. Niliweka sukari mahali akaihamisha bila neno. Redio ikasema habari za jioni, nikamjibu mtangazaji, na mke wangu akageuka kuniangalia kwa mshangao. Nilipita mbele yake mlangoni nikasema, "Samahani." Samahani, kwa mke wangu. Nikaanza kuogopa kwamba tulikuwa tumesubiri sana, kwamba aliyekuwa akinipenda ni yule wa Kamukuywa, na mimi wa kila siku hakuna anayemjua.

Ndipo nikaketi kuandika kurasa hizi, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi na kwa kuwa zilinipa kitu cha kushika. Niliandika habari za Mwalimu Simiyu na chaki ya njano. Niliandika habari za Chemutai. Nilipofika pale anapouliza, "Na mama anajua?" nikaweka kalamu chini. Nilikuwa chumba kimoja na Mama Nafula, anakunja nguo, na kwa mwezi mzima nilikuwa nikihesabu yaliyo moyoni mwake bila kumuuliza hata swali moja. Nimezeeka na kosa lile lile.

"Mama Nafula," nikasema. "Kesho Jumamosi. Uko zamu?"

"Siko."

"Basi tukutane Kamukuywa. Saa nne."

Akaniangalia kama anavyoangalia mgonjwa aliyeanza kuweweseka. "Tukutane namna gani, na tunatoka nyumba moja?"

"Wewe utangulie. Mimi nitafuata."

Alikunja shuka lile mpaka likaisha. Nilikuwa tayari kwa jibu lolote, kama siku ya ukaguzi. Kisha akauliza, "Na vikapu?"

Asubuhi alijaza kikapu chake jikoni, akakifunika, akaniambia nisichungulie. Alipotoka nikasubiri saa nzima, nikitazama ile saa ya ukutani, na hapo nikaielewa kidogo. Nikajaza changu, nikaondoka.

Mama Chai amezeeka, miguu inamsumbua, hoteli sasa inaendeshwa na binti yake. Lakini meza ya pembeni ipo. Mama Nafula alikuwa amekaa anatazama mlango, amevaa gauni la kanisani. "Umechelewa, Baba Nafula," akasema. Tukabadilishana vikapu kabla ya chai, kama desturi. Nikafunua chake: karanga. Akafunua changu: karanga, kutoka mfuko ule ule wa jikoni. Alicheka mpaka akajishika ubavu, nami niliona jino lake la pembeni ambalo nilikuwa sijaliona mwaka mzima.

Chai ikaja. Akafuta macho, akakunja mikono mezani.

"Habari za Bungoma?" akaniuliza.

Nilifungua kinywa kusema nzuri, kama nilivyosema miaka yote. Nzuri ilikuwa imeshafika ulimini.

"Mbaya," nikasema. "Zilikuwa mbaya, Mama Nafula. Kopo lako la unga sikuwahi kulitia kitu kingine. Nilikuwa nalisoma tu."

Alivuta kiti chake kikazunguka meza, kikaja upande wangu.

"Endelea," akasema. "Sema yote. Halafu na mimi nitakwambia za Kitale."